Alizeti Haikumlaza Ema

Enzi zetu alizeti ilikuwa na maganda. Najua wengine mnacheka: mtu wa miaka thelathini na moja anasema "enzi zetu" kama mstaafu anayesubiri kiinua mgongo. Chekeni. Kama ulikulia Babati wakati ule, ukasoma kwenye darasa la vumbi lililomwagiwa maji kila asubuhi, ukajua kubangua alizeti kwa meno ya pembeni huku unakimbia, basi na wewe una enzi zako na hakuna wa kukunyang'anya.

Wadogo zetu wa siku hizi wananunua alizeti iliyokwisha kuvuliwa nguo, ndani ya pakiti inayong'aa. Wanaipiga picha kwanza. Halafu wanainyunyiza juu ya mtindi kwa vidole viwili, kama mtu anayetia chumvi machozi yake, na wakimaliza wananigeukia mimi kunifundisha faida zake. Mimi, niliyelelewa na alizeti!

Lakini sikukaa kuandika ili niwacheke. Nimeandika ukurasa huu mara nyingi nikaufuta. Mimi ni mtu wa kufuta. Sentensi ikiwa na kasoro ndogo silali, na jambo ninaloandika leo lina kasoro kubwa ambayo ni yangu mwenyewe. Kwa hiyo leo sifuti.

Tulikaa Nakwa, na shamba letu lilikuwa Sigino. Mama alifariki nikiwa na miaka sita na mdogo wangu Ema akiwa bado ananyonya. Baba alikuwa fundi ujenzi, leo yuko Magugu, kesho yuko Dareda, anarudi na vumbi la saruji kwenye kope. Aliyetulea ni Bibi, mama yake Baba, aliyeshuka kutoka Mbulu akiwa msichana na hakuwahi kusoma hata darasa moja.

Nakumbuka uani kwetu msimu wa mavuno. Vichwa vya alizeti vilipangwa kwenye turubai vikitazama jua, vikubwa kama sahani za harusini, na sisi tulipewa fimbo tuvipige. Punje ziliruka, zikaingia kwenye nywele, kwenye kola, hata masikioni. Bibi alizipepeta kwa ungo upepo ukishuka kutoka mlimani, na makapi yakaenda kumkuta jirani aliyeanika nguo, naye akapiga kelele, na Bibi akajifanya hasikii. Kisha moto wa magunzi ya mahindi. Kikaango kikipata joto, Bibi alimwaga punje, akakoroga kwa kijiti, na zilipoanza kulia akanyunyiza maji ya chumvi. Sauti ile, shwaaa, na harufu iliyofuata, ilituita kutoka kwenye kombolela bila mtu kuita jina. Aliyejificha alijitokeza mwenyewe.

Kula kulikuwa ufundi. Shavu la kulia ndilo ghala. Unarusha kiganja kizima. Ulimi unapeleka punje moja moja upande wa kushoto, jino linapasua, ganda linatokea pembeni mwa mdomo, na mikono yako iko huru kucheza rede. Ema hakuwahi kuujua ufundi huo. Alitafuna vyote, na Bibi alimwambia kila siku, "Tema! Wewe si mbuzi."

Asubuhi Bibi alitujazia mfuko wa sweta, tukaenda shule. Saa nne, wenye hela walikula maandazi, sisi tulibangua. Watoto wa mjini kati walituita kuku. Tulikuwa na jibu tayari: "Kuku anataga. Wewe unataga nini?" Mwalimu wa zamu akiingia na kuona maganda chini ya madawati aliuliza kama hili ni darasa au banda, akatufagilisha, na wakati tunafagia tuliendelea kutafuna. Jioni kulikuwa na majani ya maboga yaliyoungwa kwa alizeti ya kutwanga, mafuta yakielea juu, na ugali wa moto wa kuchovya humo. Sikumbuki kulala njaa. Watu waliotuona tukiwa maskini walikuwa na haki ya kutuona hivyo, ila tumboni hatukuwa maskini.

"Alizeti inakaa," Bibi alisema akijipiga tumbo. "Andazi linapita tu kusalimia."

Tulikuwa na desturi moja, na hapo ndipo yote yalipotokea. Siku ya kupanda, mbegu ikibaki haikurudi nyumbani ikiwa mbichi. Bibi alisema kuirudisha ni kuliambia shamba kwamba hukuliamini. Kwa hiyo tulipomaliza mstari wa mwisho aliwasha moto kwenye kona ya shamba, akakaanga baki lote, na tuliopanda tukala pale pale tukiwa na udongo kwenye kucha. Hadi leo sijala kitu kitamu kuliko kile. Mbegu ile ilikuwa yetu wenyewe, ya mavuno yaliyopita, imetunzwa kwenye kibuyu na majivu kidogo. Haikuwa na neno.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne Baba alileta mbegu ya dukani. Aliiacha mezani asubuhi akawahi gari la Magugu. Tulikwenda Sigino watatu: Bibi, mimi, na Ema aliyekuwa na miaka mitano. Kifuko kilikuwa na picha ya ua la alizeti na maneno "mbegu bora". Nyuma kulikuwa na mistari midogo, myekundu, yote Kiingereza. Na punje zenyewe zilikuwa nyekundu.

Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa nyumba. Bibi aliniita Mwalimu. Barua za kanisani, karatasi za kliniki, bei ukutani mwa duka, vyote nilisoma mimi, na sikuwahi kukosea. Mniamini nikisema sikuwahi, kwa sababu nilikuwa nafanya mazoezi ya kusoma jambo mara tatu moyoni kabla ya kulitamka.

Tulipomaliza kupanda na kubaki bakuli moja, Bibi alinipa kifuko.

"Mwalimu, hebu tusomee. Wanasemaje?"

"Wanasema ni mbegu bora, Bibi. Inaota vizuri."

"Na huku nyuma, kwenye nyekundu?"

Kiingereza changu kilikuwa kinaishia kwenye kumsalimia mwalimu. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, na nilikuwa na umri wa miaka kumi tu, hakuna ambaye angenicheka.

"Ni yale yale," nikasema. "Wameandika tena kwa Kiingereza."

Bibi akaziosha kwa maji ya dumu mpaka rangi ikapungua. "Watu wa madukani siku hizi!" akasema. "Hata mbegu wanaipaka rangi ya midomo." Akakaanga. Harufu iliyotoka haikuwa ile. Ilikuwa na kitu cha josho la ng'ombe ndani yake, na mimi niliinusa. Bibi alikula chache, kama kawaida yake, akatuachia sisi. Nilipopewa kiganja changu nilitia mfukoni. Ema alikula chake, akaomba na cha Bibi, akapewa.

Hapo sasa mnajua jambo ninaloliogopa.

Hatukufika mbali njiani. Ema alianza kudondosha mate, akatapika, miguu ikamlegea. Jirani yetu Mama Elibariki ndiye aliyetukuta, na haki yake niseme: alimbeba Ema mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki, akakaa nyuma akiwa amemkumbatia mpaka hospitali. Sisi tulifika kwa miguu. Bibi alitapika nyuma ya jengo, akajifuta kwa khanga, akasema ni wasiwasi tu.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. "Amekula nini?"

"Alizeti," Bibi akasema.

"Ya kupanda? Ilikuwa na dawa?"

Bibi akanishika bega, akanisogeza mbele. "Huyu ndiye anayesoma."

Nilitikisa kichwa. Hapana. Daktari alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akageuka, akaanza kutoa amri kwa manesi. Nadhani hakuniamini, na nadhani ndiyo maana Ema yuko hai.

Kesho yake niliamka kabla ya wengine, nikachukua kile kifuko kwenye kapu la Bibi, nikakitumbukiza chooni.

Ema alirudi nyumbani baada ya siku mbili, mwembamba, anadai uji. Mtaani maneno yalikuwa yamekwisha kukamilika: alizeti ya bibi yao ilitaka kuua mtoto. Wengine walisema ilikuwa imeoza, wengine kwamba mtoto mdogo hapaswi kula vyakula vya ndege. Baba hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Mama, pumzika sasa," na wiki iliyofuata Shangazi akaletwa kutupikia. "Kuanzia leo," Baba akasema, "alizeti ni ya kukamua mafuta tu."

Bibi aliniuliza mara moja, tukiwa wawili. "Mwalimu, kwenye kile kifuko walisemaje tena?"

"Mbegu bora, Bibi."

Akaitikia kwa kichwa. Hakukaanga tena. Kikaango kikawa cha kuwekea maji ya kuku. Shangazi alipika vizuri, wali na maharage, na maandazi kila asubuhi, na nyumba ikanuka mafuta ya dukani. Bibi alikaa uani akitazama mikono yake kama mtu anayetafuta mwiba.

Niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada niliyoipata mnadani. Wengine wanajifunza Kiingereza ili wapate kazi; mimi nilianza na maandishi ya nyuma ya vifuko. Nilisoma dawa za kupe, sabuni, maziwa ya unga, betri. Siku nilipokutana tena na mistari ile myekundu, kwenye mbegu ya jirani, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilisema mbegu imetiwa dawa na isiliwe na mtu wala mnyama. Nilikaa chini palepale kwenye tuta.

Baada ya hapo nikaanza kusoma kuhusu alizeti yenyewe, vitabu vya lishe alivyoniazima nesi mmoja wa kliniki, kurasa nyingine mara nne. Nilitaka kumkuta Bibi na kosa. Sikumkuta. Punje ile ndogo ina protini ya kujenga mwili. Mafuta yake mengi ni ya aina inayofaa moyo. Ina vitamini E, ina magnesi na zinki, ina nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo na kumfanya mtu ashibe muda mrefu. "Inakaa," alisema yule mwanamke asiyejua kusoma, na vitabu vinasema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Si dawa, msidanganywe. Haiponyi kisukari, na ukiijaza chumvi unajiharibia mwenyewe. Ina mafuta mengi, kiganja kimoja kwa siku kinatosha mtu. Mtoto mdogo apewe iliyosagwa asije akapaliwa. Na mbegu ya kupanda iliyotiwa dawa si chakula. Haioshwi ikawa chakula wala haikaangwi ikawa chakula. Hilo nalisema kwa sauti kuliko mengine yote.

Nilijua hayo yote, na bado nilinyamaza miaka kumi na miwili mingine. Nilijiambia naogopa kumuumiza Bibi. Uongo. Niliogopa kuitwa niliyekosea.

Mwaka huu Ema amembatizisha mtoto wake wa kwanza. Ndiyo, yule Ema, sasa ana ndevu na duka la vipuri vya pikipiki Maisaka. Nilikwenda na sufuria la majani ya maboga yaliyoungwa kwa alizeti, na bakuli la alizeti ya kukaanga, kwa sababu wifi yangu ananyonyesha na kwa sababu nilikuwa nimechoka kunyamaza. Nilidhani kuleta bakuli kunatosha, kwamba bakuli litasema badala yangu.

Mama Elibariki akafunua. "Heee! Pasi!" akaniita kwa jina. "Hii si ile sumu ya bibi yenu? Mnataka kumbatiza na kumzika siku moja?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha watu walioshiba, hadithi ya zamani wanayoijua wote. Bibi alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Hakuinua macho. Aligeuza viganja vyake juu, akavitazama, akavifunika kwa khanga.

Nilisimama.

"Mama Elibariki, shikamoo."

"Marahaba. Si umeshanisalimia wewe?"

"Nakusalimia tena, kwa sababu nitakalosema nataka lianze na adabu. Alizeti haikumlaza Ema. Bibi naye hakumlaza Ema. Mbegu ilikuwa ya dukani, imetiwa dawa, na kwenye kifuko imeandikwa isiliwe. Bibi aliniuliza nisome. Sikujua kusoma pale, nikamdanganya. Daktari akaniuliza kama ina dawa, nikatikisa kichwa. Kifuko nilikitupa chooni. Kwa hiyo mkitaka kucheka, mimi huyu hapa, nichekeni mimi. Bibi mwacheni."

Mtu alizima redio.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" Baba akauliza.

"Kumi."

"Kumi," akarudia. Akaweka sahani yake chini taratibu, akatoka nje. Mpaka leo hatujalizungumza vizuri.

Ema alikuwa amembeba mtoto. "Na ningekufa, dada?"

Nilitaka kusema kitu kizuri. "Ningenyamaza," nikasema. "Nadhani ningenyamaza mpaka leo."

Akamhamishia mtoto bega lingine. "Basi nashukuru sikufa," akasema, na watu hawakujua kama hapo panachekwa.

Mama Elibariki alikuwa ameshika mfuniko kifuani. "Na mimi nimelitangaza hili hadi sokoni," akasema polepole. "Bibi Pasi, jamani. Miaka yote."

Bibi aliniita kwa kidole. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, na akanishika sikio, akalivuta kwa nguvu nisiyotarajia kutoka mkono mwembamba vile.

"Usiku na mchana naitazama hii mikono," akasema. "Najiuliza, nilikosea moto? Nilikosea maji? Kumbe wewe unajua."

"Nisamehe, Bibi."

"Ungesema nikiwa na meno!" Akafungua mdomo mbele ya wageni wote, ufizi mtupu, jino moja limesimama pembeni kama kigingi. "Sasa nitatafunia nini? Magoti?"

Hapo watu walicheka, Mama Elibariki kuliko wote, na machozi yakimtoka. Mimi sikucheka. Bibi naye hakucheka. Aliendelea kushika sikio langu.

"Kila kitu kina msimu wake, Mwalimu," akasema. "Wewe umechelewa kupanda."

Hajasema amenisamehe. Nimeyachunguza maneno yake moja moja, kama kawaida yangu, na hilo halimo. Ila Jumamosi iliyofuata alituma mtu aniambie niende Nakwa na kinu changu, kwa kuwa cha kwao kimepasuka. Nakwenda kila Jumamosi sasa. Yeye ndiye anayekaanga, na Shangazi amemwachia jiko bila neno. Hataki niguse moto. Kijiti kinazunguka, maji ya chumvi yanaruka, na watoto wa jirani wanasogea ukutani. Anawapa. Mama zao hawawaiti warudi.

Tunawacheka watoto wa siku hizi, na wengine wanastahili. Hawajui rede, hawajui kombolela, wanadhani alizeti inaota ikiwa imeshabanguliwa. Lakini juzi nilimwonyesha mmoja wao kifuko cha mbegu nikamuuliza pameandikwa nini. Akasema, "Sijui, ngoja nitazame," akatoa simu. Alisema sijui bila haya wala jasho, kama mtu anayeuliza ni saa ngapi. Nilitamani kumkumbatia. Nilitamani pia angekuwa nami Sigino siku ile, udongo kwenye kucha, alizeti yetu ya kibuyuni ikilia kwenye kikaango, Bibi akitugawia kwa kiganja kilichojaa, kabla hajaambiwa apumzike.

Anayetaka kuita hicho chakula cha kuku aite. Anayetaka kukinunua kwenye pakiti inayong'aa anunue, kina faida ile ile. Mimi nilichopoteza hakimo kwenye pakiti. Wakati ule Bibi alikuwa na meno yote, nami sikuwa na ulimi. Leo ulimi ninao, na yeye meno hana.

Basi natwanga.